Mapambo ya shaba ya leo na moto wa wazee

Mwaka huu tulialikwa kutazama mapambo yaliyotengenezwa na vijana watatu wa hapa Lubumbashi. Yalipangwa juu ya meza mbili katika nyumba moja ya Katuba, vikuku, hereni, mikufu na pete, karibu vitu arobaini. Ukutani palikuwa karatasi moja kubwa yenye neno moja tu, kwa Kifaransa: alchimie. Sisi tunaofundisha kemia katika shule ya sekondari, ile watoto wanaita shimi, neno hilo lilitusimamisha. Tulikuwa tumepanga kukaa dakika ishirini, tukakaa saa mbili.

Tuseme kwanza neno lenyewe, maana wageni wengi waliuliza maana yake na hakuna aliyewajibu vizuri. Alkemia ni neno la Kiarabu, al-kimiya, lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko vitabu vya Waarabu. Huko Misri, karibu na mwaka 300, mtu aitwaye Zosimos wa Panopolis alikuwa tayari anaandika juu ya tanuru, mvuke na rangi za metali. Kiisha Waarabu wakaiendeleza, kiisha Wazungu. Hata Isaac Newton, yule wa mvutano wa dunia, alijaza kurasa nyingi za alkemia kwa mkono wake. Walitafuta nini? Watu husema dhahabu. Ni kweli, lakini si yote. Wengi wao waliamini kwamba metali zinakomaa polepole ndani ya udongo, kama embe juu ya mti, na kwamba fundi mwenye moto mzuri na moyo safi anaweza kuharakisha kukomaa kule. Kwao risasi na shaba ni matunda mabichi, na dhahabu ndiyo tunda lililoiva. Kazi yote waliihesabu kwa rangi: kwanza nyeusi, kiisha nyeupe, mwishoni nyekundu.

Kemia ya leo inasema shaba ina hesabu yake, 29, na dhahabu ina yake, 79, na moto wa makala hauwezi kugusa hesabu hizo. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani, Glenn Seaborg akiwa mmoja wao, waligeuza chembe za bismuti kuwa dhahabu kwa mashine kubwa ya nyuklia, lakini dhahabu waliyoipata haikutosha hata kuonekana kwa jicho. Basi kwa upande wa dhahabu tumemaliza.

Lakini mtu wa Katanga akisikia habari ya rangi zile, anakumbuka kitu kingine. Darasani hatuna gesi wala vyombo vingi. Tunaleta mbabula, tunaweka kipande cha malakiti juu ya kifuniko cha mkebe, tunangoja. Jiwe la kijani linapoteza kijani chake polepole, linakuwa jeusi kama makala yenyewe. Watoto wanasikitika, wanafikiri tumeliharibu. Tunawaeleza kwamba ndani ya malakiti mlikuwa maji na hewa, ile hewa tunayoitoa puani, na moto umevifukuza. Sasa tunasaga kile cheusi, tunakichanganya na unga wa makala, tunapuliza kwa nguvu sana, na siku ya bahati chembe nyekundu zinatokea. Kijani, nyeusi, nyekundu. Kilo moja ya malakiti safi ina shaba karibu gramu 570, na shaba hiyo ilikuwa mle tangu mwanzo. Moto haukuiumba. Uliifungulia mlango.

Wazee wetu walijua kazi hiyo bila mbabula ya shule. Mwaka 1924 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliomba wazee walioifanya zamani wairudie mbele ya macho yake, na mwaka 1926 aliandika habari zao akiwaita wala shaba wa Katanga. Jina hilo linachekesha watoto. Lakini mtu anayesema anakwenda kula shaba anasema kweli: mtama ukisha kuvunwa na kiangazi kikiingia, chakula cha nyumba, mahari na urafiki wa mbali vilitoka katika tanuru. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mivukuto ilikuwa ya ngozi. Palikuwa dawa, palikuwa miiko, na mtu hakukaribia moto ule ovyo. Pahali pengine walipoyeyusha, mpaka leo panaota ua dogo ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense na watu wengine wanaliita ua la shaba. Linapenda udongo wenye shaba, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamelifuata ili wapate matanuru yaliyokwisha kusahauliwa.

Tofauti kubwa na alkemia ya Wazungu iko hapa: kwa wazee wetu shaba haikuwa tunda bichi. Ilikuwa ndiyo iliyoiva. Nyekundu ile ndiyo waliyoitafuta, na walipoipata waliivaa, wakaitumia kama mali, wakazikwa nayo. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974, yalitoa vikuku, mikufu na vitu vingine vya shaba vya watu walioishi zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Katika makaburi ya baadaye inaonekana misalaba ya shaba, ile watu wanaiita kruazeti, mingine karibu na mikono ya marehemu, mingine kifuani.

Tulipokuwa tumesimama mbele ya meza zile mbili, swali letu lilikuwa moja: vijana hawa wanafanya alkemia gani, ile ya shaba inayoona haya mbele ya dhahabu, ama ile ya wala shaba?

Tuanze na kitu kizuri kuliko vyote. Ni mkufu wenye vipande vitatu tu. Kipande cha kwanza ni malakiti isiyosuguliwa, na macho yake ya kijani kilichofifia. Cha pili ni jiwe lilelile lililokwisha kupita motoni, jeusi, linalokatika kwa urahisi, na fundi amelifungia ndani ya kizimba cha waya mwembamba kama kifaranga. Cha tatu ni tone la shaba lililomwagwa juu ya mchanga na kuachwa vile lilivyoganda, na alama za mchanga bado ziko chini yake. Mtu akiuvaa, vipande vinashuka kifuani kwa mstari mmoja, na nyekundu inafika mwisho, karibu na moyo. Fundi hakuandika maelezo yoyote, wala hapakuwa haja. Mama mmoja aliyesimama karibu nasi, hakusoma kemia hata siku moja, alisema: «Hii ni njia ya mukuba.» Alipatia.

Hata hivyo mkufu ule una kosa, na tulimwambia fundi. Kipande cheusi kinaacha masizi. Dada aliyeujaribu alikuwa na blauzi nyeupe, akarudi nyumbani na mstari mweusi kifuani. Pambo ni kitu cha kuvaa. Kama halivaliki, heri liwekwe kwenye sanduku la kioo na lipewe jina lingine. Fundi alisema atatafuta njia ya kukifunika kipande kwa nta. Tunangoja kuona.

Meza ya pili ilitusumbua. Juu yake palikuwa misalaba midogo kumi na minne ya kuning'iniza shingoni, umbo la kruazeti kabisa, na yote ilikuwa imechovywa katika maji ya dhahabu. Tulichukua mmoja, tukaukwaruza kidogo kwa ukucha kwenye ukingo. Chini yake shaba ya Katanga ilikuwa imejificha.

Tulimwuliza kijana aliyeitengeneza, kwa nini dhahabu. Alitujibu bila kukasirika: «Mwalimu, bantu banauliza dhahabu. Mukuba peke yake banasema ni waya ya kuranti. Nitakula nini?» Jibu lake lina uzito. Yeye ana watoto wawili na nyumba ya kupanga. Sisi tuna mshahara, hata ukichelewa, na mtu mwenye mshahara asiharakishe kumfundisha heshima mtu anayeuza vitu vyake barabarani.

Tena tusimseme kwa jambo ambalo si kosa. Mgeni mmoja alilalamika kwamba kufanya kruazeti ndogo ya shingoni ni kuidharau, maana za zamani zilikuwa kubwa, nyingine zinapita sentimita ishirini. Mgeni yule hakujua makaburi ya Upemba. Mle misalaba ilizidi kuwa midogo kadiri miaka ilivyopita, mingine midogo kuliko kidole, juu ya kuwa ilikuwa mali ya kuhesabiwa. Umbo lile limekwisha kusafiri sana: mwaka 1960 liliingia katika bendera ya Katanga, mwaka 1961 likaingia katika sarafu zake. Mtu akilipeleka shingoni mwa binti, halijaharibika.

Kosa liko katika dhahabu ile. Kijana anatundika neno alkemia ukutani, kiisha anatuonyesha shaba iliyojigeuza jina tu. Hakuna kilichogeuka mle. Wenye alkemia wa zamani wenyewe waliwachukia watu wa namna hiyo, waliopaka rangi juu ya metali na kuiuza sokoni kama dhahabu. Na mnunuzi atakapovaa msalaba ule, ukingo utalika kwanza, na nyekundu itatokea kama kidonda. Shaba itaonekana kuwa ndiyo iliyodanganya, wakati ni yeye fundi aliyeivika uongo. Tulimwambia hivyo, kwa upole. Alicheka, akasema atatuuzia mmoja usiochovywa, kwa bei ya chini. Tulinunua. Uko mezani petu sasa hivi tunapoandika.

Shida ya shaba tunaijua sote: inaacha kijani kwenye ngozi. Hiyo ndiyo aibu kubwa ya wauzaji, na ndiyo sababu mafundi wengine wasiochovya dhahabu wanapaka vernisi. Vijana hawa watatu wote wanaipaka, hata yule wa mkufu mzuri. Juu ya jambo hili sisi tuna wazo letu, na msomaji atatusamehe kama mwalimu wa shimi anarefusha.

Kijani kile kinatoka wapi? Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Linaila shaba polepole, na zinazaliwa chumvi za shaba zenye rangi ya kijani. Shaba ikiachwa hewani miaka mingi, inavuta tena maji na ile hewa tunayoitoa puani, na juu yake linaweza kuota ganda la kijani ambalo ni malakiti yenyewe. Moto ulivifukuza vitu viwili kutoka ndani ya jiwe, navyo vinarudi taratibu, kimoja kwa jasho, kingine kwa pumzi. Kikuku cha shaba mkononi mwa mtu kinaanza safari ya kurudi kuwa jiwe. Sasa tuambieni, ni alkemia gani kubwa kuliko hiyo? Na ndiyo hiyo inayofungwa kwa vernisi ya chupa! Fundi mmoja akithubutu kutengeneza kikuku chenye mpako wa ndani pale kinapogusa ngozi, na nje kikaachwa huru kibadilike rangi pamoja na mwenyewe, atakuwa ameelewa neno alilolitundika ukutani kuliko sisi sote.

Kuna mtu wa mji wetu aliyekwisha kuonyesha kwamba shaba inaweza kusema habari ya ngozi. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 2015 alionyesha huko Venice mabamba ya shaba yaliyogongwa kwa ndani mpaka yakatoa vinundu kama chale za miili ya watu wa zamani. Chale ni pambo ambalo huwezi kulivua. Wakoloni walizipiga picha na kuziandika katika vitabu vyao kama alama za kabila, wakati huohuo wakichimba shaba chini ya miguu ya watu walewale. Baloji alirudisha chale juu ya shaba, ngozi na metali vikawa kitu kimoja. Si mapambo ya kuvaa, tunakubali. Lakini vijana wa Katuba wangefaidika kutazama jinsi alivyoiacha shaba iwe shaba.

Jambo lingine tuliseme kwa kifupi, juu linauma. Tuliuliza shaba ya meza zile inatoka wapi. Kijana wa kwanza alisema inatoka kwa wauza vyuma. Muuza vyuma naye anaipata wapi? Kimya. Sote tunajua mitaa inayolala gizani siku kadhaa juu ya waya iliyokatwa. Wala shaba waliijua mikono yote iliyogusa shaba yao tangu kilimani. Fundi wa leo anayetundika neno kubwa ukutani angeanza kwa kujua shaba yake ilitoka kwa nani. Tena tuliona mahali wanapokata malakiti. Wanaikata kavu, na vumbi la kijani limekaa juu ya madirisha. Vumbi lile ni sumu ya mapafu. Kinachotakiwa ni maji kidogo yanayotiririka juu ya jiwe na kitambaa puani. Tulisema, wakaitika. Juma lililofuata tulipita tena, ndoo ya maji ilikuwa pale, na kitambaa kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari.

Sasa tufike kwenye kilichotufanya tukae saa mbili.

Katika ukoo wetu kuna kikuku cha kambo, mama wa baba yetu. Si cha kumwagwa katika kalibu. Ni waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya kiini cha nyuzi, kazi iliyojulikana sana kwa Bayeke, watu wa Msiri, ambao wazee wao walitoka Unyamwezi wakifuata shaba hii. Fundi aliipiga shaba mpaka ikawa ufito, kiisha akaivuta kwa nguvu kupitia tundu la bamba la chuma, kiisha tundu dogo zaidi, kiisha dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Mtoto wa yaya wetu alikuwa anajiandaa kuoa, na familia ikatoa wazo: kikuku kiyeyushwe, zitoke pete mbili za arusi. Tulikuwa wa kwanza kukubali. Tulisema kwa sauti ya darasani kwamba hakuna kinachopotea, shaba ya kambo itabaki ileile gramu kwa gramu, itabadilika umbo tu. Ndiyo sababu tulikwenda Katuba na kikuku mfukoni.

Mama mukubwa, dada ya baba, alikuwa amekuja nasi. Alisikiliza maelezo yetu yote mbele ya yule fundi wa mkufu, kiisha akasema: «Wewe, mwalimu. Kambo hakuvaa mukuba. Alivaa kazi ya mutu.»

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka karibu ishirini tumefundisha kwamba maada haipotei, na ni kweli, haipotei. Lakini mikono iliyovuta waya ule kupitia matundu, huo si maada, hauna hesabu katika jedwali letu, na moto wa digrii 1085 ungeufuta kwa dakika chache. Wenye alkemia walitaka kugeuza kila kitu. Hatukumbuki kama waliwahi kujiuliza ni kitu gani kisigeuzwe.

Fundi alikichukua kikuku, akakigeuzageuza karibu na dirisha muda mrefu. Hakugusa shalimo yake. Aliona kwamba upande mmoja waya umekwisha kukatika na kufumuka, urefu wa kiganja na nusu hivi, unaning'inia bila kazi. Aliuliza: «Mama, hii yenye imekwisha kutoka, naweza kuibeba?» Mama mukubwa alifikiri, akaitika. Alikata ile tu. Mwisho wa waya uliobaki aliuficha chini ya mizunguko, akaukaza kwa kibano, na kikuku kikarudi kuwa kizima kuliko tulivyokileta. Zile nyuzi alizozikata alizisokota juu ya pete mbili za shaba mpya, mzunguko kwa mzunguko, bila moto, bila dhahabu. Tulimwomba asipake vernisi. Alitutazama kama watu waliopotea njia, lakini alitii.

Arusi imekwisha kupita. Juma la pili bibi arusi alikuja kwetu kusalimia, akanyoosha kidole: duara ya kijani chini ya pete. Alisema mama mkwe wake ameuliza kama ile pete ni ya kweli. Anaisugua kwa limau na chumvi kila jumamosi, inang'aa nyekundu, na kufika jumatano kijani kimerudi.